Mwezi ni wa Wenye Mishahara

Kwa miaka mingi katika kazi ya utafiti nilikuwa mtu wa asilimia. Nilifundishwa kwamba watu 384 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanatosha kukadiria maoni ya mji mzima, pungufu au zaidi kwa pointi 5, na hilo naliamini mpaka leo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, likamtabiria Alf Landon ushindi katika uchaguzi wa rais. Mtafiti wa maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo mno kuliko hiyo, akamtaja mpinzani wake, Roosevelt, na Roosevelt akashinda.

Walionibadilisha ni mama ntilie. Dodoso letu liliuliza kipato chao cha mwezi. Wote walitaja kiasi, na majibu yakajaa vizuri kwenye jedwali. Kisha mratibu wetu, dada mwenye subira nyingi, akatutuma tena bila dodoso, tukakae nao tangu alfajiri wanapokoka moto. Huko nikaona kwamba mwezi haumo kabisa katika hesabu zao. Wanahesabu siku: mchele, mkaa, hela ya mchezo wa upatu inayotolewa jioni, deni la mafundi gereji wanaolipa Jumamosi. "Mwanangu, mwezi ni wa wenye mishahara," mmoja aliniambia huku akichambua mchele. Tukabadilisha swali: jana uliuza kiasi gani, na je, jana ilikuwa siku ya kawaida? Ndipo tukawarudia watu wengi kwa dodoso jipya, maana mama mmoja, hata awe mkweli vipi, hawezi kulisemea soko zima.

Baadaye nikasoma habari za M-Pesa. Majaribio yake ya mwaka 2005 nchini Kenya, Thika ikiwamo, yalikusudia watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Waliowafuatilia wateja kwa karibu wakakuta wanatumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Dodoso la marejesho lingeuliza habari za marejesho tu.

Siku hizi sipokei kazi ya utafiti isiyo na siku za mazungumzo kabla ya dodoso, na nyingine baada ya takwimu kuchambuliwa, za kuuliza kwa nini. Wateja hulalamika kwamba gharama inapanda, na kweli inapanda. Wapo walioondoka. Waliobaki nawapelekea asilimia pamoja na maneno ya watu, kama yalivyosemwa.