Saa ya Sindano

Mwaka 1857 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipanda milima ya Usambara hadi Vuga, mji mkuu wa wafalme wa Kikilindi. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alikuwa mzee sana wakati huo, amelemewa na maradhi, ingawa mamlaka yake yalikuwa yameteremka milima hadi kukaribia bahari. Aliwaomba wageni wale dawa ya kumrudishia afya na ujana. Hawakuwa nayo. Mwaka 1862 akafariki. Masimulizi yametuhifadhia jina lake, na vita vya mwanawe na mjukuu wake waliogombea kiti chake. Hayakutuhifadhia jina la mtu aliyemnyanyua kichwa ili anywe maji.

Huyo ndiye ninayemuwaza tangu mama yangu alipofariki hapahapa Vuga.

Sisi dawa tulikuwa nayo, insulini ya kisukari chake. Ilipatikana Toronto mwaka 1921, kwa majaribio yaliyogharimu uhai wa mbwa wengi, na Januari 1922 ikadungwa kwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, ambaye alikuwa anangoja kufa. Akaishi miaka 13 zaidi. Wagunduzi waliuza haki ya dawa hiyo kwa chuo kikuu chao kwa dola moja kila mmoja. Kwa miongo mingi insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe wa machinjioni, mpaka wataalamu walipoweza kutengeneza ile ya binadamu. Mama hakuyajua hayo yote, na hakuyahitaji. Yeye alijua saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

Mtu ambaye hajauguza mgonjwa wa sukari hudhani kazi ni kudunga. Kudunga ni dakika moja. Kazi ni yote yanayoizunguka dakika hiyo. Uji uwe umeshaiva jikoni kabla hujagusa sindano, kwa maana ukishadunga hakuna kurudi nyuma, na tumbo lisipopata chakula sukari itashuka. Kwanza kidole kinatobolewa, tone la damu linawekwa kwenye kijiti, mnasubiri namba wote wawili kimya. Chupa ya insulini ya maziwamaziwa huviringishwa taratibu katikati ya viganja mpaka weupe wake ulingane; haitikiswi. Unavuta hewa kwenye sindano kiasi cha dozi, unaisukuma ndani ya chupa, unaipindua chupa juu chini, ndipo unavuta dawa. Kipovu kikionekana, unakigonga kwa ukucha kipande juu. Halafu unashika ngozi ya tumbo, si palepale pa jana, maana pakidungwa kila siku hufanya vinundu na dawa hainywewi vizuri na mwili. Mama alikuwa akigeuza uso kuelekea dirishani, anaulizia mambo mengine kabisa: mvua, migomba, nani kapita barabarani.

Friji hatukuwa nayo. Chupa ilikaa kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliomwagiwa maji kila asubuhi. Baridi ya Vuga ilitusaidia sana. Tatizo lilikuwa safari. Ukiteremka Soni hadi Mombo unakutana na joto la bondeni, na insulini haipendi joto, wala haipendi kuganda kwa barafu. Hivyo ilisafiri imeviringishwa kitambaa chenye unyevu, mapajani mwa mtu, siyo kwenye buti la gari.

Niliwahi kusoma kwamba paka naye huugua kisukari, na kwamba katika nchi zenye uwezo watu humdunga paka wao nyumbani, asubuhi na jioni, saa kumi na mbili kati ya sindano na sindano. Mara nyingi huanza na yuniti moja tu. Wengine hutumia insulini ya wanyama yenye yuniti 40 kwa mililita, wakati ya binadamu ni 100, kwa hiyo akichanganya sindano anaweza kumpa paka mara mbili na nusu ya kipimo. Paka akigoma kula, mwenyewe hukaa naye akihofia, na akimwona anayumba humpaka asali kwenye fizi huku akimtafuta daktari. Wapo watakaocheka. Mimi sikucheka. Nilimtambua mtu yule, ijapokuwa simjui, kwa sababu namna hii ya kumtazama kiumbe anavyokula, ukihesabu kila tonge, siiwezi kuisahau. Na paka huyo akifa, najua saa gani mwenye paka ataamka.

Mwaka wake wa mwisho, dozi ya mama ilianza kupungua. Yuniti zile zile zilizokuwa zikimtosha zikawa zinamshusha mno, tukaambiwa tupunguze, kisha tupunguze tena. Majirani walikuja na pongezi. Ugonjwa unaondoka, walisema, na mama mwenyewe alifurahi. Muuguzi wa kliniki aliniita pembeni akanieleza polepole. Figo ndizo zilizokuwa zikichoka. Figo zikichoka, insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi kabla ya kuondolewa, ndiyo maana kidogo kinatosha. Nikarudi nyumbani na elimu ambayo sikuitaka. Kila alama niliyoshuka kwenye sindano ilikuwa habari, na mimi peke yangu ndiye niliyeweza kuisoma.

Baada ya arobaini vitu vyake viligawanywa. Kanga zilipata wenyewe, jembe, masufuria, kitanda, hata miwani ilipata macho ya kuifaa. Insulini haikupata mrithi. Chupa iliyofunguliwa hutumika kama mwezi mmoja tu, na ile iliyobaki na kizibo chake haikuweza kurudi dirisha la dawa, kwa kuwa iliyotoka kukaa nyumbani kwa mtu hakuna awezaye kuthibitisha usalama wake. Kanuni hiyo naiona ni ya haki. Lakini iliniuma kuliko kanga. Kuna watoto nchi hii ambao maisha yao yanategemea kimiminika kilekile, na mimi nimekishika, kimejaa, hakimfai mtu. Nikaipeleka zahanati ikateketezwe pamoja na sindano zilizotumika.

Wazee hapa husimulia kwamba zamani mfalme alipokufa Vuga, kifo chake kilifichwa, na mrithi akaletwa usiku kutoka Bumbuli, ili kiti kisionekane kitupu hata kwa kulala na kuamka. Njia hiyohiyo ya Bumbuli ndiyo tuliyompitisha mama akienda hospitali. Ninauelewa sasa ule woga wa kiti kitupu. Kiti cha mwuguzaji hakina wa kukirithi. Siku anayozikwa mgonjwa, kazi yote inakoma, ujuzi wote unabaki mikononi bila pa kuupeleka. Watu hukwambia pumzika sasa. Kupumzika ndiko kusikowezekana. Saa kumi na mbili inafika nami niko macho, nawasha moto, naupika uji.

Sioni kwamba msiba wangu ni mkubwa kuliko wa mwingine. Naona tu kwamba haujasemewa. Kwenye matanga yetu tunamlilia marehemu, tunawafariji watoto kwa kuwataja ni watoto, wajane kwa kuwataja ni wajane. Aliyekuwa akiamka alfajiri kupima hatajwi kwa kazi yake.

Kwa hiyo ukienda kutoa pole kwenye nyumba iliyouguza kwa muda mrefu, mtafute aliyekuwa akitoa dawa, hata kama ni binti mdogo au mfanyakazi wa ndani. Muulize ilikuwa dozi gani, saa ngapi, na mgonjwa alikuwa akipenda kudungwa wapi. Atakujibu kwa kirefu. Mwache amalize.