Vuli imeingia: kabla ya maharage, kagua migomba

Vuli ikianza, kati ya Septemba na Oktoba, kila kaya hapa Mbuba hukimbilia mbegu za maharage. Ni sawa kabisa, maana maharage yanayochelewa hushambuliwa zaidi na inzi wa maharage. Panda sentimeta 50 mstari hadi mstari, sentimeta 20 shimo hadi shimo, mbegu mbili kila shimo.

Lakini mimi nikifika kwako msimu huu, jicho langu la kwanza linakwenda kwenye migomba. Maharage yakiharibika, utapanda tena masika. Mgomba ukishikwa na unyanjano, hauna dawa. Nimeona kaya iliyozoea kukata mkungu wake nyumbani ikinunua ndizi sokoni ili watoto wale. Ndiyo maana nasisitiza.

Dalili ni hizi: majani yananyauka na kuwa ya manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani zina rangi ya kahawia. Ukikata shina, hutoka usaha wa manjano.

Wiki hii fanya mambo matatu:

1. Chane ya mwisho ikishatokeza, ondoa ua dume kwa mti wenye panda, usitumie panga. Wadudu hubeba vimelea kutoka ua hadi ua, na wakati wa mvua huwa wengi.

2. Shina lenye dalili likate usawa wa ardhi mara moja. Likichipua tena, kata tena.

3. Ukitoka mgomba mmoja kwenda mwingine, pitisha panga kwenye moto mpaka lipate joto kali, kisha liache lipoe. Chukua miche kwenye shamba unalolijua kuwa ni zima.

Nawe ndugu mnunuzi wa ndizi, usijione haupo. Panga lako linaingia mashamba kumi kwa siku moja. Mwachie mwenye shamba akate kwa panga lake, na usifunike mikungu kwa majani ya migomba uliyotoa shamba jingine. Unyanjano ukienea, wewe pia utakosa mzigo.

Ukimaliza, weka samadi na matandazo, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Kisha palilia maharage yako kwa amani. Ukiona jani moja linanyauka bila sababu, usingoje la pili. Mwite afisa ugani wako siku hiyo hiyo.