Kinga za makala na watoto wetu

Likasi ni mji wa milima. Kuanzia Kikula mpaka Panda, na kwenye barabara ya Kambove, tunapanda na kushuka tu. Kwenye njia hizo za udongo mwekundu na changarawe wanapita baba na vijana wenye kinga, wamefunga magunia ya makala kutoka pori la miombo. Wakipanda mlima, wanasukuma mzigo. Wakishuka, mzigo unawasukuma wao, na breki peke yake haitoshi.

Saa ile wanayoingia mjini ndiyo saa watoto wetu wanaenda masomo. Wakati wa kiangazi, vumbi la malori linafunika wote. Mvua zikianza, maji yanachimba mifereji na tairi linateleza.

Tusiwalaumu wenye kinga: bukari yetu inaiva kwa jasho lao. Lakini tuwafundishe watoto watembee kando, wasimame kinga ikishuka, na wasining'inie nyuma ya magunia kwa kucheza.

Tuangalie na miti. Shina la miombo likiachwa ardhini, linachipua tena. Likichomwa au kung'olewa, pori linasogea mbali, kinga zinatoka mbali zaidi, na bei ya gunia inapanda. Sisi wa kikundi tunapaka mbabula udongo kwa ndani ili moto usipotee ovyo. Gunia likikaa siku zaidi jikoni, safari moja ya mlimani imepungua.