SHANGINGI LA FAMILIA MAJENGO: RAHA JUU, MAUMIVU MFUKONI

Msomaji wangu, kama hujafika Songea usidanganyike na wale watu wa Dar wanaosema huko ni mwisho wa dunia. Ni mbali, ndiyo, lakini kunafikika. Ukipanda basi alfajiri pale stendi ya Magufuli, Mbezi, unakula karibu kilomita elfu moja. Unapita Mikumi, unapanda Kitonga, unaiacha Iringa, ukifika Makambako unakata kushoto. Hapo unaishika ile lami iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Njombe baridi inakupiga kofi, milima ya Lukumburu inakuzungusha mpaka unasahau jina lako, halafu usiku ndio unaingia mji wa Wangoni.

Mimi nilishukia kwa dada yangu, Majengo. Jina hilo lipo kila mji: Moshi wanalo, Dodoma wanalo, hata Mombasa wanalo. Majengo ya Songea ni uswahilini kwa raha zake. Nyumba zimekaa karibu karibu, mama lishe wako barazani tangu asubuhi, bodaboda wanapishana na watoto wa shule, na kwa mbali milima ya Matogoro, mto Ruvuma unakoanzia, inakutazama. Barabara kubwa ni lami. Ukiingia vichochoroni ni udongo mwekundu: kiangazi unakula vumbi, na mvua zikianza mwezi wa kumi na moja unacheza na tope mpaka mwezi wa nne.

Wiki mbili nilizokaa pale, mjadala mezani ulikuwa mmoja tu: gari. Shemeji anataka gari la juu, yale ambayo Wazungu wanayaita SUV na sisi, likiwa kubwa kubwa, tunaliita shangingi. Dada anataka kigari kidogo, chenji ibaki. Hela ni moja, imekusanywa kwa mahindi na kikoba kwa miaka mingi, na nyumba yao bado haijapauliwa. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, hayakuwa maneno ya kupoteza muda. Kila mmoja alikuwa anatetea maisha ya watoto wanne.

SHANGINGI NI NANI?

Vijana wa leo mnalitumia tu hili neno bila kujua lilikotoka. Shangingi kwanza alikuwa mwanamke wa mjini, mwenye makuu na mapambo, anayejua kuzitumia hela za watu. Yalipoingia yale Land Cruiser VX, makubwa, yanayong'aa, yanayokunywa mafuta kama hayana akili, wabongo wakaona sifa zinafanana. Jina likahama. Likawa gari la vigogo mpaka Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2015, akayapigia kelele hadharani kwa kuitafuna hazina ya serikali.

Sasa kama hazina ya nchi ililalamika, hazina ya mwalimu wa sekondari Majengo itakuwaje?

Hata hivyo tusimwonee shemeji. Mitumba ya Japani imeleta magari ya juu ya kila saizi. RAV4 ilianza kuuzwa mwaka 1994, CR-V ikafuata 1995, Harrier 1997, X-Trail mwaka 2000. Siku hizi siyo lazima uwe kigogo. Mtaa mzima wa Majengo unaweza kuhesabu RAV4 kadhaa, Escudo za zamani na Prado moja moja, katikati ya IST na Noah zilizojaa kila kona.

SHEMEJI ANA HOJA

Kwanza, urefu kutoka chini. Nenda kichochoroni Majengo siku mvua imepiga usiku kucha. Maji yamechimba mfereji katikati ya njia, mawe yamebaki yametoa meno. IST inaingia pale tumbo linakwaruza, unasikia huruma mpaka moyoni. RAV4 inapita inapiga mluzi.

Pili, shamba. Songea bila mahindi siyo Songea. Familia nyingi za Majengo zina shamba nje ya mji, na njia ya shamba haijui lami ni nini. Mbolea inakwenda, magunia yanarudi. Gari la juu lenye keria linafanya kazi ambayo kigari kitaifanya mara mbili tatu, halafu kinaomba shokapu mpya.

Tatu, watu. Baba, mama, watoto wanne, bibi wa kutoka Namtumbo. Hao ni saba tayari, na bado hujamweka mjomba wa kutoka Dar anayeandika magazetini. Prado ya viti saba inawameza wote, kila mtu na mkanda wake. Kwenye kigari cha watu watano lazima watoto wapakatwe, na mtoto wa kupakatwa breki ikipigwa ghafla hana mtetezi.

Nne, kuona mbali. Barabara za Songea sasa zimejaa malori ya makaa ya mawe kutoka Mbinga. Ukikaa juu unaiona hali ya mbele mapema. Hiyo ni kweli, wala sipingi.

LAKINI KUNA LAKINI

Tuanze na mafuta. Nilikaa na dada barazani tukapiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Kazini, shuleni, sokoni na kurudi ni kama kilomita 20 kwa siku, mara siku 25: kilomita 500. Shamba mara mbili kwa mwezi, kwenda na kurudi kilomita 100 kila safari: 200. Jumla 700. Tukachukulia lita moja ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Prado ya petroli tukaipa kilomita 7 kwa lita: lita 100, shilingi 300,000. RAV4 tukaipa 10: lita 70, shilingi 210,000. IST tukaipa 14: lita 50, shilingi 150,000.

Dada akanyamaza, halafu akasema, "Kwa hiyo Prado ikitembea, kila mwezi IST nyingine nzima inateketea hewani." Kwa mwaka tofauti ni shilingi 1,800,000. Hizo ni bati, msomaji. Bati za nyumba ambayo bado inaangalia mbingu.

Halafu kuna ujanja wa kodi ambao wengi hatuuoni. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa, ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Maana yake anayekunywa sana ndiye anayelipa sana, kila anapojaza tenki. Na wakati wa kuliingiza gari nchini, ushuru wa bidhaa unapanda injini ikivuka cc 1000, unapanda tena ikivuka cc 2000. Likiwa limezidi miaka minane tangu litengenezwe, ushuru wa uchakavu unakusubiri bandarini.

Tairi nazo zina mambo. Tairi ya gari la juu ni pana na nene, na bei yake ni pana na nene vilevile. Spea za IST zimezagaa. Fundi wa Majengo anaijua IST akiwa amefumba macho. Spea ya gari kubwa unaweza kuambiwa inasubiri basi kutoka Dar, na wewe unasubiri na bodaboda.

Usifikiri natania. Mtaa ule kuna mzee mmoja ana Prado safi kabisa. Iko chini ya mwembe, imefunikwa turubai, kuku wanalala juu ya boneti. Mwenyewe anakwenda sokoni kwa bodaboda. Inatoka siku ya harusi na Krismasi. Huyo ana gari, au gari lina yeye?

Na kuna jambo zito zaidi: watoto. Boneti la gari la juu linaficha. Mtoto wa miaka mitatu akisimama mbele ya bampa, dereva anaweza asimwone kabisa, na nyuma ndiyo usiseme. Nyua za Majengo zimejaa watoto wanaocheza rede na kombolela kati ya magari. Mwenye gari la juu lazima ashuke, azunguke, ahesabu watoto, ndipo awashe. Kila siku, bila kuchoka.

Vilevile gari refu ni jepesi kupinduka likikatishwa kona kwa kasi. Pale Lukumburu, ule ubabe wa kukaa juu haukusaidii kitu. Unaweza hata kukuponza, maana aliye juu hausikii mwendo kama aliye chini.

UMBO LA SIMBA

Hapa vijana wenzangu mtege sikio. Siyo kila gari la juu lina nguvu ya kuvuta tairi zote nne. RAV4 na Harrier nyingi za mitumba zinavutwa na tairi za mbele tu. Umbo la simba, miguu ya mbuzi. Kwenye mawe zitapita kwa sababu ya urefu, lakini kwenye tope la shambani zitazungusha tairi palepale kama mwenzake IST, tofauti ni kwamba kulisukuma ni kazi ya watu wengi zaidi. Kabla ya kutoa hela, lala chini, chungulia kama kuna ule mhimili unaotoka gia boksi kwenda kwenye tairi za nyuma. Hakuna? Basi unanunua urefu, hununui nguvu. Bei ishuke.

GARI LA MTAA MZIMA

Kuna hesabu moja haipo kwenye daftari. Majengo ukiwa na gari kubwa, siyo lako peke yako. Mama mjamzito akishikwa uchungu saa nane usiku, mlango wako ndio unagongwa. Msiba ukitokea, wewe ndiye unayekwenda kuwapokea ndugu stendi. Harusi, kipaimara, maulidi, unaitwa. Huwezi kukataa, na mafuta hakuna anayechangia isipokuwa kwa dua.

Shemeji aliposikia hivyo akasema, "Si ndiyo maana nalitaka? Mtu aliyebeba mtaa, mtaa utambeba." Dada akamjibu polepole, "Sawa baba Neema. Siku mafuta yakikosekana, nani kati yetu atakayeshuka atembee kwa miguu?" Mezani kimya. Wote tulijua jibu: ni yeye, na mtoto mgongoni.

WAMEAMUA NINI?

Hawajanunua bado. Wamekubaliana kitu ambacho kila familia inaweza kukifanya bure. Wametundika daftari nyuma ya mlango. Kila safari ya mwezi mzima inaandikwa: wapi, watu wangapi, mzigo gani, njia ikoje. Mwezi ukiisha wanahesabu. Kama siku za tope na magunia ni nyingi, shemeji anachukua Escudo au RAV4 yenye kuvuta tairi nne kweli, ya cc isiyozidi 2000. Kama ni mbili tatu tu, wananunua kigari, magunia yanakodiwa Kirikuu, na bati zinapanda juu.

Mimi ukiniuliza, upande wangu uko wazi. Gari la familia ni lile ambalo mama anaweza kulijazia mafuta tarehe 25, siyo lile ambalo baba anapigia picha tarehe 1. Likiwa la juu na bado tarehe 25 linatembea, hongera, panda na majirani. Likishindwa, urefu wote ule utaishia kuwa kivuli cha kuku.

Haya, wapenzi. Mkinunua la juu, mkinunua la chini, mikanda fungeni, na kabla ya kuwasha hesabuni watoto.