Mwalimu Alipokuwa Mwanafunzi



Ndugu zangu, kwa miaka mingi nilimkemea mwanangu kwa kucheza gemu. Siku moja akanijibu kwa adabu: "Baba, sichezi. Natengeneza." Nikamwambia, basi nifundishe.

Tulitumia Godot, programu inayotolewa bure tangu mwaka 2014. Nikachora kijana anayetafuta ufunguo ndani ya ngome. Nilipomwendesha, alipenya ukuta kama jini! Nilihangaika siku tatu. Kumbe picha ya ukuta peke yake haizuii kitu. Kijana na ukuta, kila kimoja lazima kiwekewe umbo la mpaka, ndipo kompyuta ikague mara 60 kwa sekunde kama vimegusana.

Mwanangu alilijua kosa tangu mwanzo, lakini hakunicheka. Alisema tu, "Jaribu tena, Baba."

Nikamkumbuka mtoto mmoja wa madrasa yetu hapa Buyenzi, aliyeshindwa kutofautisha haa na khaa. Mimi nilimcheka mbele ya wenzake, naye hakurudi. Juzi nilikwenda kwao kumwomba radhi. Jumamosi atakuja, inshaallah.

Walimu wenzangu, tukae nasi mkekani tusomeshwe.

Wabillahi tawfiq.