Farasi Akikimbia, Nani Anakula?

Mkoa wetu wa Tabora una asali, tumbaku, karanga na maembe. Farasi wa mashindano hatuna. Hata zamani, misafara ilipopita hapa kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, farasi hawakudumu. Mbung'o na magonjwa viliwamaliza. Mwaka 1871 Stanley aliondoka pwani na farasi 2 na punda 27. Farasi wote wawili walikufa njiani, safari ikiwa bado changa.

Kwa hiyo mizigo ilibebwa na watu. Wengi wao walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi. Watu hao walihitaji kula kila siku. Mkulima aliyekuwa na mtama, mahindi au kuku aliwauzia, akapata nguo na shanga. Njia ile ilikuwa na mateso pia, maana watumwa walipitishwa humo wakiwa wamefungwa. Siisifu. Nasema tu kwamba watu wakikusanyika lazima wale, na mwenye chakula hupata.

Habari hiyo niliikumbuka nilipokwenda Nairobi kumtembelea ndugu yangu. Jumapili moja alinipeleka kuona mbio za farasi katika uwanja wa Ngong. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1954. Watu walishangilia farasi. Mimi niliwatazama watu wanaofanya kazi.

Farasi hula kila siku, hata siku ambayo hakuna mbio. Kwa hiyo yupo mkulima anayeuza majani makavu na nafaka. Yupo saisi anayemlisha, kumwosha na kusafisha banda. Yupo anayempigilia vyuma vya kwato. Yupo daktari wa mifugo. Yupo dereva, na yupo mama anayeuza chakula. Farasi wao akishinda au akishindwa, hawa wana kazi.

Wengine walikuwa wanaweka dau. Sikiliza jinsi fedha hizo zinavyokwenda. Tuseme watu 10 wameweka shilingi 1,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi 10,000. Tuseme wenye mchezo wanatoa shilingi 2,000 kwa gharama, kodi na faida yao. Zinabaki shilingi 8,000 za kugawia washindi. Mmoja anaweza kurudi nyumbani anacheka. Lakini wote 10 kwa pamoja wameleta 10,000 na wamerudishiwa 8,000. Wakirudia kila wiki, fungu lao litazidi kupungua.

Ndugu msomaji, usiseme kwamba haya ni mambo ya Nairobi. Siku hizi dau limefika kijijini kwa njia ya simu. Kijana anakaa chini ya mwembe na kubeti mpira unaochezwa Ulaya. Mpwa wangu aliuza magunia mawili ya karanga. Fedha za mbegu na za ada ya mtoto zikaisha katika simu kwa siku nne. Msimu uliofuata alilima kibarua katika shamba la jirani ili apate mbegu. Fedha zake hazikumlisha mama lishe wa hapa, wala fundi wa hapa. Zilikwenda mbali.

Sasa tazama mashindano ya baiskeli, ambayo watu wa Mwanza na Shinyanga wanayapenda sana. Baiskeli haiogopi mbung'o. Siku ya mbio fundi anaziba pancha na kuuza spoki. Akina mama wanauza uji, mihogo na maji. Wageni wanalala na kula. Fedha zinazunguka pale pale.

Kijiji chako kikitaka kuandaa mashindano, ulizeni mambo haya mkutanoni. Nani atauza chakula? Nani atapata kazi? Zawadi itatoka wapi? Fedha za kiingilio atazitunza nani, na hesabu itasomwa lini? Andikeni majibu katika daftari. Wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu, kwa hiyo hesabu hiyo unaweza kuikagua mwenyewe.

Na kijana wa nyumbani kwako akishika simu ili abeti, kaa naye. Chukua kalamu, mwandikie hesabu ile ya watu 10. Mwache atoe mwenyewe 8,000 katika 10,000. Kisha mwulize hizo 2,000 zimekwenda wapi.