Ubaridi wa Mkubwa na Jasho la Dereva

Miezi michache iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha wataalamu jijini Dodoma. Nilipelekwa kwa gari la umma, nikashushwa mlangoni saa nne asubuhi, nikatoka saa nane mchana. Nilipofungua mlango wa gari nilipokewa na ubaridi mtamu. Dereva, mzee anayenizidi umri na ambaye asubuhi nilimwamkia shikamoo, alikuwa amesimama nje chini ya mwarobaini, shati limelowa jasho. Nikamuuliza kwa nini hakukaa ndani.

“Dokta, nimewasha kiyoyozi nusu saa ili usikute joto,” alijibu kwa upole. “Mimi hapa kivulini panatosha.”

Nusu saa injini ilinguruma pasipo kwenda popote, na magari mengine kadhaa uwanjani hapo yalikuwa yakifanya vivyo hivyo. Nakiri kwamba niliingia, nikafunga mlango, nikaufurahia ubaridi ule. Aibu ilinijia baadaye, njiani.

Kwa nini gari lililofungwa huwa tanuri? Mwanga wa jua hupenya vioo na kufyonzwa na viti na dashibodi. Vitu hivyo hutoa joto ambalo vioo hulizuia kutoka, na hewa iliyopata moto haina pa kutokea. Siku ya jua kali, joto la ndani huweza kuzidi digrii 50.

Wajapani walilitafakari jambo hili zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mazda 929 iliweza kununuliwa ikiwa na paneli ya jua juu ya paa ya kuendesha feni za kutoa hewa moto. Mwaka 2009 Toyota ilitoa kizazi cha tatu cha Prius, gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme. Aliyelipa zaidi alipata paa lenye paneli za jua. Gari likiegeshwa juani, paneli ziliendesha feni iliyovuta hewa ya nje, na joto la ndani likakaribia lile la nje.

Tuwe waangalifu hapa, maana wengi hudhani paneli hizo ziliendesha kiyoyozi. Hesabu inakataa. Jua la mchana huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama moja ya tano tu kuwa umeme. Hizo ni wati 200, ilhali kiyoyozi cha gari kilichokwisha kupata moto huweza kuhitaji wati elfu moja na zaidi. Feni hutosheka na kidogo. Kiyoyozi cha Prius kilitumia umeme wa betri kuu, na mwenye gari aliweza kukiwasha kwa mbali dakika chache kabla ya kuingia, bila kuwasha injini.

Najua baadhi ya watumishi wa umma wanaosoma hapa watasema: basi tuagize magari ya namna hiyo. Sipingi teknolojia. Lakini feni ya jua ilibuniwa kwa ajili ya gari lisilo na mtu, ambalo vioo vyake haviwezi kuachwa wazi kwa kuhofia wezi. Gari la mkubwa wetu lina mtu anayelilinda kutwa nzima. Anaweza kushusha vioo na kufungua milango dakika chache kabla ya safari, na joto likatoka bure. Tunachokosa ni ruhusa ya mkubwa kukuta gari lenye joto kidogo.

Ningependekeza mambo matatu. Kwanza, uwepo waraka unaokataza kuacha injini ikiwaka wakati gari linasubiri, na wakubwa ndio wawajibishwe, si madereva. Pili, kila ofisi iwe na mahali pa madereva kukaa, penye viti, maji na kivuli. Tatu, paneli za jua tuzitandaze juu ya mabanda ya kuegeshea magari. Banda lina nafasi kubwa kuliko paa la gari, litatoa kivuli kwa magari yote, na umeme wake utapunguza bili ya ofisi.

Mafuta yanayochomwa uwanjani hununuliwa kwa kodi ya mama anayeuza nyanya juani, naye hana kiyoyozi.

Tangu siku ile, kila ninapopewa gari la umma huomba lizimwe hadi nitakapotoka. Mara ya kwanza nilipomwomba hivyo mzee yule, alinitazama kwa wasiwasi, akidhani namtega. Ilinibidi nimwambie mara mbili ndipo akazima.